Umbali wa Kusalimiana: Lenzi za Zamani za Picha za Uso Zikipimwa Kasulo

Mhadhara kwa wapiga picha vijana wa Kolwezi



Nimeombwa nizungumze juu ya lenzi za zamani za kupigia picha za uso, zile za milimita 85 hadi 135 ambazo fokasi yake huzungushwa kwa mkono. Najua wengi mmekuja kusikia jambo moja tu: ipi ni kali kuliko nyingine. Hilo nitaligusa. Lakini ukali ni kipimo cha mtu anayepiga picha ukuta wa matofali. Sisi tunapiga picha watu, tena watu wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao umepigwa picha na wageni wa kila aina tangu 2014 huku wakaazi wake wengi wakiwa hawajaziona picha hizo. Kwa hiyo leo nazipima lenzi kwa kipimo kingine: kila moja inakusimamisha mbali kiasi gani na mtu, na mkiwa mmesimama hivyo mnaweza kufanya nini pamoja.

Historia ya Kasulo mnaijua kuliko mimi ninavyoweza kuisimulia, nitaipita upesi. Mwaka 2014 mkaazi mmoja alichimba penye nyumba yake akakuta heterogenite, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Haukupita muda watu wakawa wanachimba ndani ya vyumba, uani, ukingoni mwa barabara, na maturubai yakafunika midomo ya mashimo kiwanja baada ya kiwanja. Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch wakatoa ripoti yao juu ya kobalti ya Kongo. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikatengwa, wakaazi wakahamishwa, eneo likazungushiwa ukuta, na kampuni ya Congo Dongfang Mining ikawa mnunuzi wa madini ya humo. Kila hatua ilikuja na kamera zake.

Ziangalieni picha zilizotoka katika miaka hiyo. Kuna namna mbili zinazojirudia. Ya kwanza imepigwa kwa lenzi pana: mpiga picha kainama juu ya shimo, mchimbaji anatazama juu kutoka gizani, paji la uso limekuwa kubwa na mwili unapotelea chini. Ya pili imepigwa kwa lenzi ndefu, milimita 200 au 300, kutoka garini au ng'ambo ya barabara, na mtu aliyemo hana habari kwamba amechukuliwa. Katika ile ya kwanza mpiga picha amekaribia mno, katika ya pili amejificha. Katikati yake kuna nafasi, na hapo ndipo lenzi za leo zinapofanya kazi.

Hesabu yake ni fupi, iandikeni. Fremu ya filamu ya kawaida, au kihisi kamili cha kamera ya dijitali, ni milimita 24 kwa 36. Ukiisimamisha wima ukataka kuchukua mtu kuanzia kifuani hadi juu kidogo ya nywele, hiyo ni kama sentimita 60 za mtu. Kwa lenzi ya milimita 50 utasimama chini kidogo ya mita moja kutoka kwake. Kwa 85 utasimama mita 1.5. Kwa 105, mita 1.85 hivi. Kwa 135, karibu mita 2.4. Kwa 200, mita 3 na nusu. Na simu zenu, ambazo lenzi yake kuu hulingana na milimita 26 hivi, zinataka uwe karibu nusu mita na uso wa mtu.

Sasa chukueni kichwa cha mtu. Kutoka ncha ya pua hadi masikioni ni kama sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 45 mbele ya pua, masikio yako sentimita 57, kwa hiyo pua inachorwa kubwa kuliko masikio kwa zaidi ya robo. Ndiyo maana dada zetu wanalalamika kwamba simu "imewaharibu pua". Ukirudi hadi mita 1.5, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 8. Kwenye mita 2.4 ni asilimia 5, na ukizidi kurudi nyuma hutaona badiliko la maana, uso utazidi kuwa bapa tu. Kwa hiyo msiseme lenzi pana inapotosha sura. Sura inapotoshwa na mahali uliposimama. Kazi ya lenzi ni kukuchagulia pa kusimama, na wapiga picha wengi hukubali uchaguzi huo bila kuufikiria.

Tuutazame sasa umbali wenyewe, maana huku kwetu kila umbali una adabu yake. Mita moja na nusu ni umbali wa kusalimiana na kupeana kitu: unanyoosha mkono, naye ananyoosha wake. Mnasema kwa sauti ya kawaida hata lori la madini likiwa linapita nyuma yenu. Karibu mita mbili ni umbali wa watu wawili waliokaa kwenye viti uani. Mita 2.4 ni umbali wa mtu na mteja wake ng'ambo ya meza ya sokoni. Mnasikilizana, lakini kukiwa na kelele mtapaza sauti. Mita 3 na nusu si umbali wa mazungumzo tena. Watu wanapita katikati yenu na hawaombi radhi, kwa kuwa hakuna anayedhani mko pamoja.

Haya, tuje kwenye vyombo. Nitaanza na Jupiter-9, milimita 85, f/2, kwa sababu ndiyo ninayoipenda zaidi na ndiyo yenye ukoo mrefu.

Baba yake ni Ludwig Bertele, mbunifu wa Zeiss Ikon kule Dresden. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliitengenezea kamera ya Contax lenzi zilizoitwa Sonnar. Zama hizo vioo vilikuwa havijapakwa utando wa kuzuia mwako. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa ulirudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na mwanga huo uliorudi ulizunguka ndani ya lenzi ukaifanya picha iwe na ukungu. Bertele akaamua kubandika vioo pamoja. Sonnar ya 85 ina vioo 7, lakini vimefungwa katika makundi 3 tu, kwa hiyo hewa inakutana na kioo mara 6. Utando wa kuzuia mwako ulikuja baadaye. Alexander Smakula wa Zeiss aliuandikia hataza mwaka 1935. Baada ya Vita vya Pili, Wasovieti walichukua michoro na mitambo ya Zeiss kama fidia ya vita, wakaanza kuzitengeneza lenzi hizo kwa jina lao. Sonnar ya 85 ikawa Jupiter-9. Ilitoka kwa midomo kadhaa ya kufungia kwenye kamera: ya Contax na Kiev, ya skrubu ya Leica, na ile inayotufaa sisi zaidi, skrubu ya M42.

Ikiwa f/2, Jupiter-9 ni laini. Si laini ya kukosea. Macho yanasomeka, kope zinaonekana, ila juu yake kuna utando mwepesi wa mwanga. Ifunge hadi f/4 inakuwa kali ya kutosha kwa kazi yoyote. Tundu lake lina vibapa 15, kwa hiyo hata ukilifunga linabaki duara, na taa au matone ya mwanga yaliyo nyuma ya mtu hayageuki pembe sita. Ina pete mbili za tundu. Ya kwanza unachagulia namba unayotaka, ya pili unafungulia uone vizuri kwenye kitazamio, kisha unaizungusha ifunge hadi pale ulipochagua. Hakuna springi. Na hapa kuna jambo la kuliangalia: Sonnar zina tabia ya fokasi kuhama kidogo nyuma tundu linapofungwa. Ukilenga jicho kwa f/2 kisha ukafunga hadi f/4, huenda ukali ukaangukia sikioni. Funga kwanza, halafu lenga tena. Kwenye kamera za kisasa, kuza sehemu ya jicho kwenye skrini ndipo ubonyeze.

Mtaniuliza, kwa nini mtu ajitaabishe hivi leo, wakati kamera inatafuta jicho yenyewe? Kwa sababu ya zile sekunde. Fokasi ya Jupiter-9 inazunguka safari ndefu. Huwezi kumwibia mtu picha nayo. Inabidi umwambie akae, atulie, asisogeze kichwa. Na mtu wa Kasulo ukimwambia atulie, hatatulia kabla hajakuuliza: "Papa, iyi foto iko naenda wapi?" Swali hilo lina haki ya kujibiwa kabla shata haijalia. Lenzi ya haraka inakuruhusu ulikimbie, ya mkono haikuruhusu.

Nikkor ya 105, f/2.5, ndiyo iliyo mashuhuri kuliko zote. Jina la Nikkor lilitoka nje ya Japani kwa njia ya picha ya uso. Mwaka 1950 mpiga picha Jun Miki alimpiga David Douglas Duncan, mwandishi wa picha wa jarida la Life, kwa Nikkor ya 85 f/2, ambayo nayo ilikuwa ya namna ya Sonnar. Duncan alipoiona picha ilivyo kali akaenda kiwandani kuhakikisha, kisha akapeleka lenzi hizo vitani Korea, na wenzake wakafuata. Ile ya 105 ilikuja miaka michache baadaye. Za kwanza ni Sonnar za vioo 5 katika makundi 3. Idadi hiyo ya vioo ndiyo sababu ya herufi P kwenye jina la zile za zamani. Mwaka 1971 Nikon wakabadilisha mpango wa vioo, wakabaki na 5 lakini katika makundi 4, ili ukali usipungue mtu anapokaribia. Kwa macho yangu, ile mpya inashika vizuri zaidi kwenye mita 1.85, na hapo ndipo sisi tunapoihitaji. Ile ya kwanza ina rangi ya upole kidogo. Zote mbili ni bora, na sijawahi kukutana na mpiga picha aliyejutia kuwa nayo.

Lakini hadithi ya Nikkor 105 ina sehemu ya pili. Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh kule Pakistani, Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Kamera ilikuwa Nikon FM2, lenzi ni hii ya 105, filamu Kodachrome. Juni 1985 picha ikatoka kwenye jalada la National Geographic, na tangu hapo kila mwenye lenzi hii huwa anaitaja. Kitaalamu hakuna la kuongeza: fokasi iko machoni, mandhari ya nyuma imefifia kiasi, sura imekaa sawasawa. Na umbali ni ule ule ninaousifu hapa, wa watu wawili uani. Hata hivyo jina la msichana yule halikuulizwa. Dunia ilikaa miaka 17 ikimtazama bila kumjua, hadi mwaka 2002 alipotafutwa akapatikana: ni Sharbat Gula. Akasema kwamba siku ile alikuwa na hasira kwa kupigwa picha na mgeni.

Basi msinielewe vibaya. Lenzi haimpi mtu adabu. Inampa nafasi ya adabu tu, mita mbili za kuzungumza, naye anaweza kuzitumia au kuzitupa. McCurry alikuwa na umbali mzuri na chombo kizuri, na kazi ya kuuliza jina ikabaki bila kufanywa.

Tusogee kwenye 135. Hizi zimejaa sokoni kwa sababu kila kiwanda kilitengeneza, na watu wengi waliozinunua hawakuzitumia. Ninazozifahamu vizuri ni mbili. Carl Zeiss Jena Sonnar 135 f/3.5, iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki, ina vioo 4 tu, ni kali hata tundu likiwa wazi kabisa, na inakaribia hadi mita moja. Mita moja kwa 135 ni karibu sana; unaweza kujaza fremu kwa jozi ya mikono. Mkono wa mchimbaji, wenye vumbi jeusi lililoingia kwenye mistari ya kiganja na kucha iliyopasuka, ni picha ya mtu kama uso ulivyo, tena ni picha ambayo mwenye mkono anaweza kuikubali hata akikataa uso wake usionekane. Kwa wale wanaoogopa kutambuliwa, Jena 135 ni msaada mkubwa. Ubaya wake ni vibapa vya tundu: mafuta yakivifikia vinagandamana, na kwa kuwa hufungwa na springi, vinachelewa au vinakataa kabisa. Hebu ikaguliwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Super-Takumar 135 f/3.5 ya Pentax imeundwa kwa uangalifu zaidi, pete yake ni laini ajabu, lakini haikaribii zaidi ya mita 1.5. Kwa uso inatosha. Kwa mikono, chukua Jena.

Helios 40, ya 85 f/1.5, nitaisema kwa ufupi. Ni nzito mno, inafanya mandhari ya nyuma izunguke kichwa cha mtu, na vijana wanaipenda kwa hilo. Ukiitumia Kasulo, watu watakumbuka mzunguko, hawatamkumbuka mtu. Olympus Zuiko 100 f/2.8 ni kinyume chake: ndogo, nyepesi, haijitangazi, inaingia mfukoni. Nampendekezea kila mtu anayetembea kwa miguu kutwa nzima.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi wauzaji. Hakuna haja ya tundu kubwa. Watu wanalipa pesa nyingi kutoka f/2 hadi f/1.5, wakidhani ndiyo picha ya uso yenyewe. Fanyeni hesabu. Ukichukua mtu kwa ukubwa ule ule wa sentimita 60, sehemu ya ukali haitegemei kama una 85 au 135. Inategemea namba ya tundu. Kwa f/2 ni kama sentimita 3 na nusu hadi 4. Kwa f/1.5 haifiki 3. Kwa f/3.5 ni 6 na nusu. Kumbukeni kwamba kutoka pua hadi sikio ni 12. Kwa f/1.5 unapata kope na ukingo wa pua, mengine yote yameyeyuka.

Na kinachoyeyuka si uso peke yake. Kasulo nayo inayeyuka. Turubai, rundo la mawe kwenye magunia, ukuta, kamba ya kushukia shimoni, mama anayeuza maji pembeni, vyote vinageuka rangi laini isiyo na jina. Mtu aliyepigwa hivyo anaweza kuwa popote. Kuna picha nyingi za wachimbaji zenye uzuri wa namna hii, na uzuri huo unawaondoa mahali walipo, kana kwamba shida yao haina anwani. Kwa hiyo mimi hufunga. Kwa f/8, sehemu ya ukali inafika kama sentimita 15: uso mzima unasomeka, na turubai la nyuma, ingawa si kali, linajulikana kuwa turubai. Jua letu linatosha kwa hilo. Tundu kubwa lilibuniwa kwa ajili ya vyumba vyenye giza na nchi zenye mawingu.

Hapa namkumbuka Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1978. Katika mfululizo wake wa Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni, nyeusi na nyeupe, za wafanyakazi na mabwana wa kampuni ya madini, akawakata watu wale na kuwasimamisha juu ya picha zake za rangi za viwanda vilivyochakaa vya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Watu wanasifu ubunifu wa kukata na kubandika. Mimi nasifu jambo la kifundi zaidi: magofu yale ni makali kutoka mwisho hadi mwisho. Hakuna kilichofifishwa. Angetumia mandhari laini, watu wale wa zamani wangekuwa wanaelea. Kwa kuwa kila bomba lina kutu yake inayoonekana, wamekanyaga ardhi. Anayetaka kupiga uso wa Kasulo ajifunze kwake jinsi ya kuacha mahali pabaki mahali.

Juu ya mwanga. Kolwezi iko kwenye latitudo ya nyuzi 10 na zaidi kusini, na jua linatusimamia utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kumi na mwezi wa pili. Saa sita mchana macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Lenzi mpya yenye mkazo mkubwa inayafanya meusi zaidi, hasa kwa ngozi nyeusi, ambayo filamu na mashine za rangi kwa miaka mingi zilipimwa bila kuijali. Lenzi ya zamani yenye utando wa tabaka moja inavujisha mwanga kidogo ndani yake, na mwanga huo unaoitwa kasoro unainua giza la machoni. Si mwingi, lakini unautambua. Ila usiache jua lipige kioo moja kwa moja, maana hapo picha nzima itakuwa maziwa. Kofia ya lenzi ni lazima. Ukikosa, tumia mkono. Na kama unaweza kuchagua, mpeleke mtu chini ya turubai. Mwanga uliochujwa na turubai ni mzuri ajabu, ijapokuwa unatia rangi yake usoni na itabidi uisawazishe baadaye.

Vumbi ni adui wa pili. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, udongo mwekundu unaruka siku nzima. Lenzi zinazorefuka zikizungushwa zinauvuta udongo ndani kwenye nyuzi za skrubu, na siku moja unazungusha pete unasikia inasaga kama bukari iliyoingia mchanga. Usiongeze mafuta kwa nje. Mafuta yatabeba vumbi mpaka kwenye vibapa. Ipeleke kwa fundi aifungue, aisafishe, atie grisi mpya. Jupiter-9 inavumilia mafuta kwenye vibapa kwa sababu haina springi. Inaonekana chafu lakini inafanya kazi. Jena haivumilii. Masika nayo yana kuvu. Hifadhini lenzi mahali pakavu penye mwanga, msizifungie kwenye mfuko wa ngozi kabatini, maana kuvu hupenda giza na unyevu.

Kuna jambo moja huwa linanijia nikiwa nammwagia mtu maneno ya kumtuliza huku nazungusha pete. Lenzi hizi hazina waya wala injini. Nikon FM2 inafyatua kasi zake zote bila betri. Betri ni ya kipima mwanga tu. Lakini kamera za dijitali tunazozifungia lenzi hizi zinaendeshwa na betri za lithiamu, na nyingi za betri hizo zina kobalti ndani. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka nchini kwetu. Basi kuna siku mchimbaji anapigwa picha kwa nguvu ya jiwe ambalo pengine lilipita mikononi mwa jirani yake, na anayempiga anamwona kama mtu wa mbali na teknolojia. Mwambieni. Watu wengi wa Kasulo wanalijua hilo kuliko wageni wanavyodhani, na mazungumzo yakianzia hapo yanakwenda vizuri.

Nimalizie kwa ununuzi, kwa kuwa ndilo lililowaleta wengi. Kwanza mjue mdomo wa kamera yenu. Lenzi za M42 zinaingia vizuri kwenye Canon za kioo kwa pete rahisi. Kwenye Nikon za kioo haziwezi kulenga mbali bila kuongezewa kioo cha adapta, ambacho huharibu picha, msihangaike nacho. Canon FD ni nzuri sana lakini hazikai kwenye Canon EOS za kioo kwa sababu hiyo hiyo. Kamera zisizo na kioo cha ndani zinapokea zote.

Pili, mkague. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa pembe. Vumbi dogo halina neno. Nyuzi nyuzi zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu, rudisha. Zungusha fokasi mwisho hadi mwisho, mara kadhaa, usikilize. Fungua na ufunge tundu, ukiangalia vibapa vinarudi upesi.

Tatu, hukumu yangu. Wengi wenu mna kamera zenye kihisi kidogo, ambapo urefu wa lenzi huzidishwa kwa 1.5 au 1.6. Ninyi msinunue 85 wala 135. Nunueni Helios 44-2, milimita 58, f/2, nakala ya Biotar ya Zeiss Jena. Ilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo bei yake ni ya mtu wa kawaida, ina pete mbili kama Jupiter, inakaribia hadi nusu mita, na kwenye kamera zenu inakuwa kama 87. Yaani inawasimamisha mita moja na nusu kutoka kwa mtu. Mwenye filamu au kihisi kamili, kama anapata Nikkor 105 f/2.5, achukue hiyo na asitafute nyingine, akikosa, Jupiter-9. Jena 135 iwe ya pili, kwa ajili ya mikono na kwa ajili ya wasiotaka kuonekana. Zilizobaki waachieni wakusanyaji.

Lenzi zote nilizozitaja, isipokuwa Helios 40, ziko hapa mezani. Njooni mzishike, mzungushe pete, mpigiane picha ninyi kwa ninyi mkiwa umbali wa mita moja na nusu. Lakini tafadhalini, futeni vumbi mikononi kwanza.